Redio inavuma ukichaji simu kwa sola? Anza na kapasita, feraiti ije baadaye

Fundi mwenzangu, ukifunga moduli ya kushusha volti kwenye betri ya sola ili ichaji simu, halafu redio ya pembeni ikaanza mikwaruzo, najua mkono utakimbilia wapi: kile kipande cheusi cha feraiti cha kubana kwenye waya. Nakuomba usubiri. Feraiti hupambana na kelele zilizokwisha kutoka kwenye bodi. Mimi nataka zipunguzwe pale zinapozaliwa.

Chukua moduli ya LM2596, maana madukani zimejaa. Chipu hii huwasha na kuzima mkondo kwa masafa ya 150 kHz, na vigawe vyake kama 600, 750 na 900 kHz huangukia moja kwa moja kwenye stesheni za AM. Wengi huilaumu koili, lakini ndani ya koili mkondo hupanda na kushuka polepole. Unakokatika ghafla ni kwenye kizingo kidogo, yaani njia ya mkondo inayojizungusha: kapasita ya upande wa kuingizia umeme, swichi iliyo ndani ya chipu, na dayodi. Kizingo hicho ndicho antena. Ukipunguza eneo lake kwa nusu, uga wa sumaku unaotoka nao hupungua kwa nusu.

Moduli nyingi za bei nafuu zina kapasita ya elektrolaiti pekee, ambayo kwenye masafa ya juu haifui dafu. Mimi huchomea kapasita ya seramiki ya 10 µF, 50V, kutoka pini ya kuingizia hadi anodi ya dayodi (mguu usio na mstari), kwa njia fupi kadiri inavyowezekana. Sentimita 2 za waya hapo hufanya kazi kama koili ndogo ya takriban 20 nH (nanohenri), na hizo zinatosha kukuharibia kazi yote. Elektrolaiti usiing'oe! Kwenye mfumo wa 24V wenye nyaya ndefu, ukichomeka betri ghafla huku kuna seramiki pekee, volti zinaweza kuruka karibu mara mbili, na chipu hii mwisho wake ni 40V. Elektrolaiti ndiyo inayotuliza mruko huo.

Kupima si lazima uwe na mashine ya gharama. Weka redio ndogo ya AM mahali pasipo na stesheni, isogeze karibu na bodi, izungushe polepole usikie kelele zinazidi upande gani. Linganisha kabla na baada, umbali uleule, simu ikiwa inachaji.

Kelele zikibaki kwenye FM, chanzo mara nyingi ni mtetemo wa volti pale swichi, dayodi na koili zinapokutana. Hapo utahitaji oskiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya volti kwenye skrini. Soma masafa ya mtetemo, kisha ongeza kapasita ndogo sambamba na dayodi hadi masafa yashuke nusu. Theluthi ya uliyoongeza ndiyo kapasitansi iliyojificha kwenye saketi. Sasa iunganishe kapasita hiyo mfululizo na rezista. Thamani ya kuanzia ya rezista ni 1 ÷ (2π × masafa ya mwanzo × kapasitansi iliyojificha). Kwa mfano, kwa kapasita ya 470 pF kwenye 12V utapoteza takriban milliwati 10 tu.

Baada ya hapo, leta feraiti. Pitisha chanya na hasi pamoja kwenye pete moja, mizunguko kadhaa. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, uzuiaji huongezeka karibu mara nne, hasa kwenye masafa ya AM.

Na kama moduli yako ni ya kupandisha volti, kizingo chenye kelele kiko upande wa kutolea umeme, kwa hiyo seramiki ihamishie huko.