Ukipima macho ya watu, waulize pia

Mama yule alikaa mbele ya skrini amejitanda kanga, mikono mapajani. Macho yake yakatua kwenye maandishi "1x3" yakaganda hapo. Kwenye kompyuta yangu, iliyounganishwa na kifaa kinachofuatilia mtu anatazama wapi, doa jekundu la pale alipokazia macho likazidi kukua. Nilikuwa nachunguza jinsi wagonjwa wanavyosoma bahasha za dawa, zile ndogo za kutilia vidonge, na nilifurahi kuona dozi ndiyo inayovuta macho kuliko kitu kingine chochote. Nikaandika daftarini: "Wanazingatia dozi."

Tulipomaliza, wakati namhesabia nauli yake, akaniuliza: "Mwanangu, ile ni moja kwa siku tatu, au tatu kwa siku moja?"

Nikaifuta ile sentensi palepale. Muda wote ule alikuwa anahangaika na alama asiyoielewa, mimi nikidhani imemvutia. Jicho lililovutiwa na jicho lililokwama huacha doa lilelile, na hakuna programu itakayokutenganishia. Nikawa na hofu ya kweli: kama asingeuliza, ningeandika tasnifu nzima juu ya uongo, na mtu angeichukua akachapisha bahasha kwa kuifuata.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuanza utafiti wa kufuatilia macho, anza na swali, kifaa kije baadaye. Mtafiti wa Kisovyeti Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin wa mwanamume anayerudi nyumbani bila kutarajiwa. Alipouliza umri wa waliomo, macho yalikwenda kwenye nyuso. Alipouliza hali yao ya maisha, yakahamia kwenye nguo na samani. Picha ni ileile, kilichobadilika ni swali. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nawaambia watu "tazama tu," na kila mmoja akajitungia kazi yake kichwani. Baadaye nikawa nasema: "Umetoka dirishani na dawa ya mtoto. Soma, halafu utanieleza utampaje." Njia za macho zikaanza kufanana.

Ujue pia unachopima. Kifaa hurusha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kamera inanasa mng'ao wake kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na katikati ya mboni, kisha programu inakadiria mtu anatazama wapi. Msomaji hatelezi juu ya mstari. Jicho hutua kwa kama robo ya sekunde, likaruka, likatua tena, na mara nyingine hurudi nyuma. Sehemu inayoona kwa ukali ni ndogo sana: nyoosha mkono, utazame ukucha wa kidole gumba, ni kama upana huo. Kifaa chetu kilichukua vipimo mara 60 kwa sekunde. Hiyo yatosha kujua jicho limetua wapi, lakini haitoshi kuuchunguza mruko wenyewe, ambao wakati wa kusoma huisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mambo ya chumbani yalinipotezea siku nyingi kuliko takwimu. Jua la dirishani lina infraredi yake, kwa hiyo weka pazia zito. Kiti kisiwe cha kuzunguka. Miwani huleta mng'ao wa ziada, basi inamisha kifaa kidogo usimvue mtu miwani anayosomea. Wanja uliokolea na kope za bandia huichanganya kamera inapotafuta mboni, na hili mweleze mtu kwa heshima siku moja kabla, usimwambie akanawe uso akiwa ameshafika. Wakati wa kusawazisha kifaa na macho ya mtu, ule wa kufuata nukta kwenye skrini, wazee wengi walikuwa wananitazama mimi usoni kwa sababu ndimi niliyekuwa nazungumza nao. Nikajifunza kutoa maelezo yote kwanza, kisha nikae nyuma yao na kunyamaza. Usawazishaji ukiwa mbaya, rudia. Nusu sentimita ya kosa inakuhamisha kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Kuna watakaokushauri utumie kamera ya kawaida ya laptopu, maana ni bure. Kwetu fikiria mara mbili. Chini ya mwanga wa kawaida mboni nyeusi ndani ya jicho la kahawia iliyokoza haijitengi vizuri, wakati kwa infraredi inajitenga. Kamera hiyo bado inafaa kwa mambo makubwa, kama kujua mtu ametazama upande gani wa skrini. Kwa maneno ya bahasha, hapana.

Lakini hata vipimo vikiwa safi kabisa, macho hayatoshi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wataalamu 24 wa radiolojia walitafuta vinundu, yaani vivimbe vidogo, kwenye picha za mapafu zilizopachikwa umbo la sokwe. Ishirini hawakumwona, na wengi kati yao macho yao yalikuwa yametua palepale alipokuwa. Kiswahili kinatusaidia hapa: walitazama, hawakuona.

Siku hizi nikishamaliza kurekodi, namchezeshea mtu njia ya macho yake mwenyewe na kumuuliza: "Hapa ulikaa, ulikuwa unawaza nini?" Wengi wanacheka kwanza kujiona, kisha wanafunguka. Inachukua kama dakika kumi kwa kila mtu, na ndizo dakika ninazozitegemea zaidi.

Tulijaribu baadaye bahasha iliyoandikwa "kidonge 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku." Macho yalipita haraka, na kwenye ramani pale palipokuwa pekundu pakabaki rangi hafifu. Mtu anayesoma rangi peke yake angesema bahasha hii imeshindwa kuvuta macho. Nilipowauliza watampaje mtoto dawa, walijibu bila kusita.