Muulize Shangazi: Ikifika magharibi tu mtoto anaanza kulia

Shangazi shikamoo. Mtoto wangu wa kwanza ana wiki tano, nanyonyesha tu sijampa kitu kingine. Mchana yuko poa kabisa ila ikifika saa kumi na mbili jioni ndo balaa, analia mpaka sauti inakauka, anakunja miguu, tumbo gumu, anajamba, nampa ziwa anavuta kidogo anaachia analia tena, hivyo hivyo mpaka saa tano usiku. Mama mkwe anasema ni mchango na maziwa yangu mepesi hayamshibishi, anataka apewe uji na dawa ya mizizi. Jirani nae anasema ninunue gripe water. Mi nshachanganyikiwa, kuna siku tunalia wote wawili. Nifanyeje?
Mama Mpya, Mbagala

Marahaba mwanangu, hongera na pole. Hiyo saa ya magharibi uliyoitaja ndo yenyewe, watoto wengi wa hivyo wanaanzia jioni. Hospitali wanaita koliki, sisi mchango, na kwa kawaida unaanza wiki ya pili au ya tatu, unapamba moto kwenye wiki ya sita hivi, halafu unapungua na akifika miezi mitatu au minne umekwisha. Kwa hiyo we uko karibu na kilele, wiki ijayo ikiwa mbaya zaidi usidhani kuna kitu umeharibu. Kuna daktari wa Marekani, Wessel, na wenzake, mwaka 1954 waliweka kipimo cha kulia zaidi ya masaa matatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, ingawa sijui ni mama gani mwenye nguvu ya kukaa na saa mkononi muda huo.

Maziwa yako hayana kosa. Kama kwenye kadi ya kliniki uzito unapanda na analowanisha nepi sita au zaidi kwa siku, anashiba, basi. Na huko kukunja miguu na kujamba kusikudanganye, mtoto yeyote akilia sana anakunja miguu, na akilia anameza hewa, ndo hiyo gesi unayoisikia. Uji wa wiki tano hapana kabisa, maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Mizizi nayo hapana, hakuna anayejua kipimo chake na ini na figo za mtoto bado changa mno. Asali pia marufuku mpaka atimize mwaka, hata ya kulamba kidoleni. Gripe water ni dawa ya tangu 1851 huko Uingereza, zamani ilikuwa na pombe ndani (ndo maana watoto walikuwa wanalala wale!), za siku hizi nyingi hazina lakini hazijathibitishwa kwamba zinatuliza mchango, bora hiyo hela ununue samaki ule wewe.

Sasa usiku ukianza fanya hivi. Punguza taa, zima TV, punguza na wageni. Mvue mtoto abaki na nepi mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi halafu mjifunike khanga, au mbebe wima na mbeleko utembee nae taratibu. Akimaliza kunyonya mcheulishe, usimlaze hapo hapo. Wengine wanatulia wakilazwa kifudifudi juu ya mkono wako huku unawapapasa mgongo, ila akishasinzia mlaze chali. Feni inayovuma au redio isiyoshika stesheni inasaidia wengine kweli. Jambo moja watu wanakosea, wanabadilisha mbinu kila dakika, mara wima mara kifudifudi mara bafuni, mtoto anazidi kuchanganyikiwa. Shika moja uipe muda kabla hujahamia nyingine. Na kuna siku hakuna kitakachofanya kazi, atalia tu akiwa mikononi mwako.

Mama mkwe usigombane nae, mpe kazi. Mwambie mama naomba unibebee mjukuu wako nioge nile, mikono yake ina uzoefu kuliko hiyo mizizi yake.

Shangazi, mimi ni baba, kilio cha mwanangu kinanipandisha hasira, juzi nusura nimtikise. Nina tatizo?
Baba K, Mwanza

Baba K umefanya la maana kuuliza. Usingizi ukikosekana hasira zinampata mtu yeyote, shida ni mikono. Ukitikisa kichanga ubongo unaweza kuvuja damu, akapofuka au akafa, na ni sekunde chache tu. Ukiona imepanda mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika kumi, pigia mtu simu. Kuachwa alie dakika kumi hakumdhuru. Na mpangiane zamu na mkeo, mmoja alale chumba kingine mapema.

Wanasema mwanangu analia sababu ana meno ya plastiki, kuna bibi anayang'oa. Niende?
Msomaji, Singida

Usiende. Hakuna meno ya plastiki, huo uvimbe mweupe kwenye fizi ni meno ya utotoni yanayojitengeneza, akiyachokonoa na kile chuma chake mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda, na meno ya ukubwani yakaja kuota yameharibika. Pa kwenda ni zahanati, na uende hata usiku kama ana joto la 38 au zaidi na hajafika miezi mitatu, anatapika kijani, choo kina damu, utosi umevimba, anakataa kunyonya, au amelegea haamki vizuri. Na kama kilio kimebadilika ghafla, hakifanani na cha siku zote, beba kadi uende.