Majibu Yetu Yako Wapi, Daktari?

Nilirudi kwa msiba, si kwa utafiti, kijijini kule Newala nilikowapima watu presha kwa ajili ya tasnifu yangu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu nimalize shahada ya uzamili ya tiba ya familia. Tumetoka makaburini, tumekaa kwenye majamvi, mzee mmoja akanikazia macho kwa muda kisha akasema, "Wewe si yule daktari wa mashine za presha? Majibu yetu yako wapi?"

Nikamjibu haraka, "Babu, siku ile kila mtu nilimpa karatasi yake."

"Yangu ninayo," akasema. "Nauliza yetu."

Neno hilo moja halijanitoka mpaka leo. Karatasi yake ilikuwa na vipimo viwili vya mkono wake. Alichotaka kujua ni kijiji kimekaaje: presha iko kwa wazee tu au na kwa vijana, kina mama ndio wengi au kina baba, waliopewa dawa wanazitumia au wameziacha. Majibu hayo yalikuwepo. Yalikuwa ndani ya tasnifu iliyojaladiwa, kwenye rafu ya maktaba Dar es Salaam, na muhtasari wake ulibandikwa kwenye ubao wa habari za idara pamoja na picha yangu nikiwa na wasimamizi. Chuoni tuliona kazi imekwisha. Walionyoosha mikono yao kupimwa hawakuambiwa neno.

Naandika haya kwa wadogo zangu mnaosomea tiba ya familia, na kwa maafisa tabibu na wauguzi mnaochukuliwa kukusanya takwimu huku Mtwara na Lindi. Walimu wetu wanaoendesha idara nao naomba wasome.

Watu huniuliza idara ya tiba ya familia inatafiti nini hasa, maana haina kiungo chake. Wa moyo wana moyo, wa figo wana figo. Sisi tuna mtu, nyumba anayotoka, na njia yote anayopita tangu aanze kuumwa mpaka apate nafuu. Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake walichapisha hesabu ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anakutana nayo: katika watu wazima 1,000, ndani ya mwezi mmoja, kama 750 watapata ugonjwa au maumivu ya aina fulani, 250 watamwona daktari, 9 watalazwa, 5 watapelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu ndiye atakayefika hospitali ya chuo kikuu. Takwimu zao zilikuwa za Marekani na Uingereza za wakati ule. Hata hivyo, tangu niisome hesabu hiyo, kila nikimwona mama wa Tandahimba ananunua vidonge viwili vya maumivu dukani, nawaza kwamba yumo kati ya wale 500 wanaoumwa bila daktari yeyote kujua. Huyo mama ndiye kazi ya idara yetu. Ukitaka kumtafiti itakubidi umfuate anakoishi, na hapo ndipo nilipojifunza mengi ambayo darasani sikuambiwa.

Habari ya vibali sitairefusha. Kamati ya maadili ya chuo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ofisi ya mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji. Anza mapema na usimruke yeyote, hasa huyo wa mwisho. Ukichukua damu ya watu bila mwenyekiti kukutambulisha, jioni hiyohiyo utasikia neno mumiani, na likishatamkwa halirudi.

Kubwa ni kalenda. Chuo kilinipa miezi ya kukusanya takwimu kuanzia Oktoba, nami nikakubali bila kusema kitu. Nilikosea, kwa sababu mimi ni mtoto wa Masasi na nilijua Oktoba ni nini. Ni korosho. Ukipiga hodi asubuhi unajibiwa na watoto, wakubwa wote wako mashambani wanaokota, na jioni wanarudi wamechoka au wako ghalani kufuatilia mzigo wao. Unaowakuta nyumbani ni wazee sana na wagonjwa. Ukiwapima hao tu utaandika kwamba kijiji kizima kinaumwa, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuokoa, kwa kuwa waliokosekana ndio wazima. Ilinibidi nianze upya Februari. Mwambie msimamizi wako mapema kwamba huku kuna msimu wa korosho, kuna jando na unyago, kuna Ramadhani. Mwalimu aliyekulia mbali na kusini hawezi kuyajua hayo usipomwambia.

Kisha kuna kupima kwenyewe. Presha inasomwa mtu akiwa amepumzika angalau dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono umelazwa usawa wa moyo, haongei, na inasomwa zaidi ya mara moja. Mkanda wa mashine uwe wa saizi ya mkono wake, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba za uongo. Haya yote tunayajua. Lakini huku juu uwanda wa Makonde maji ni kazi nzito, na wiki ya kwanza niliwapima kina mama waliotoka tu kuitua ndoo kichwani. Wengi mashine iliwasoma zaidi ya 140 kwa 90, yaani presha ya juu. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, "Daktari, hawa waache kwanza wakae, wanywe maji, waulize habari za nyumbani." Tukaweka mkeka chini ya mwembe pakawa mahali pa kupumzika, na wale wa wiki ya kwanza tukawarudia. Yule muuguzi alistahili jina lake kuwepo kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu. Lipo.

Lugha ilinipa somo gumu zaidi. Dodoso langu lilikuwa na sehemu ya sonona, imetafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu anayejua lugha zote mbili vizuri. Swali moja liliuliza kama katika wiki mbili zilizopita mshiriki "amejisikia chini". Bibi mmoja akaangalia mkeka aliokalia, akasogea kidogo, akanijibu kwamba hapo chini hakuna neno, yeye kazoea kukaa chini. Nilisimamisha kazi siku mbili. Nikakaa na kina mama waliokuja kliniki, nikawauliza tu: mtu akiwa na huzuni isiyoisha, ninyi mnasemaje? Wakanipa maneno yao. Moyo mzito. Mawazo. Anawaza sana, hana raha, usingizi hauji, chakula hakipiti. Tukaandika upya, mwingine akatafsiri kurudi Kiingereza bila kuona la kwanza, tukalinganisha, na marekebisho tukayarudisha kwenye kamati ya maadili kabla ya kuendelea. Fanya haya kabla ya kuchapa fomu, usingoje bibi akufundishe.

Wapo pia wazee ambao Kiswahili chao ni cha salamu na sokoni, maisha yao yote yako kwenye Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Mzee kama huyo anaweza kukujibu "ndiyo mwanangu" kwa kila swali kwa ajili ya heshima tu. Ukiona ndiyo kumi mfululizo, funga kalamu, tafuta mkalimani. Asiwe mwanawe. Hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe wa kiume kwamba anavuja mkojo tangu uzazi wa mwisho. Umri nao usiulize kwa namba, uliza kwa matukio: ulikuwa na ukubwa gani tulipopata uhuru, operesheni ya vijiji ulikuwa umeshaolewa? Nachingwea nimemkuta babu aliyehesabu tangu mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947.

Fomu ya ridhaa isomwe, isikabidhiwe tu. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia amekubali, ila kidole hatatia mpaka azungumze na mjomba wake. Msaidizi wangu, kijana wa mjini, alitaka tumwandike kwamba amekataa. Huku kwetu mjomba ana sauti yake, na aliyetaka kumshirikisha hajakataa. Tulimsubiri. Alirudi kesho yake na mjomba mwenyewe, ambaye naye akaomba kupimwa.

Na ukimkuta mtu ana 200 kwa 120, wewe siku hiyo si mtafiti tena. Mwandikie rufaa, mpigie simu mganga wa zahanati au kituo cha afya, hakikisha amefika. Bajeti yako iwe na nauli ya watu hao tangu mwanzo. Idara ambayo haipangi nauli hiyo isiwatume wanafunzi vijijini.

Sasa nirudi kwa mzee na neno lake. Kwa nini tunasahau kurudisha majibu? Nimejichunguza, na naona ni kwa sababu tumezoea kuhesabu utafiti kwa kinachoandikwa chuoni: pendekezo limepita, takwimu zimeingizwa, tasnifu imetetewa, makala imekubaliwa na jarida. Habari za idara nazo zinafuata mtiririko huohuo. Zinasema nani amewasilisha, kongamano gani, mgeni gani katutembelea. Ni habari njema na wanafunzi wanastahili pongezi. Ila ningependa ubao ule uanze na mistari mitatu: tuliwauliza watu gani swali gani, walitujibu nini, na tumewarudishia lini. Ikiwa mstari wa tatu hauna tarehe, habari hiyo isubiri.

Mkoa wa Mtwara una sababu ya kulidai hili kuliko mingine. Mwaka 1952 na 1953 uwanda huu huu wa Makonde ulipigwa na homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika maandiko yao ya 1955, na jina walilolitumia walilitoa midomoni mwa wagonjwa: chikungunya, neno la Kimakonde la kitu kinachomkunja mtu. Leo neno hilo linatamkwa na madaktari wa India, Brazili na Ufaransa. Nimewauliza vijana wengi wa Newala kama wanajua kwamba dunia imechukua neno la bibi zao. Wengi hawajui, na waliotakiwa kuwaambia ni sisi.

Karibu zaidi, Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Vipimo vikaonyesha ni leptospirosisi, Wizara ya Afya ikaitangaza kwa jina la homa ya mgunda, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na humpata mtu kupitia maji au udongo uliochafuliwa. Mtu akisikia mgunda anajua ni shambani, na nusu ya elimu ya afya imeshafika. Mrejesho mzuri unaanzia kwenye jina kama hilo.

Usiogope kurudi na jibu lisilofurahisha. Mradi wa INSIST wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao ulifanyika kwenye wilaya sita za Lindi na Mtwara. Kina mama wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi majumbani, wakifundisha namna ya kumtunza mtoto mchanga. Matokeo yalichapishwa 2015: waliowazalisha kina mama majumbani walinawa mikono zaidi, watoto wengi zaidi walinyonyeshwa maziwa ya mama tu siku za mwanzo, lakini kupungua kwa vifo hakukuonekana. Nayaheshimu sana matokeo hayo. Yanatuambia kwamba ushauri wa nyumbani ni mzuri, na kwamba mtoto akishazidiwa anahitaji kituo chenye huduma inayoweza kumwokoa.

Mimi nilirudi Newala mwaka uliofuata ule msiba. Nilikuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa herufi kubwa, nakala moja ya zahanati, moja ya ofisi ya kijiji. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe uleule. Nikawaeleza kwamba wengi wa waliowahi kuambiwa wana presha walikuwa wameacha dawa, na kwamba tasnifu yangu ilisema sababu ni kutoelewa kuwa presha haiponi kwa kozi moja. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. Akasema wao wanaelewa vizuri sana. Wanaacha Ramadhani, kwa sababu waliambiwa wameze asubuhi baada ya chai, na mwezi ukiisha hawajui kama inafaa kuanza tena au mpaka wapimwe upya. Wengine wakaitikia. Swali hilo halikuwemo kwenye dodoso langu lenye kurasa tisa.

Mganga wa zahanati alisimama palepale akawaambia kwamba dawa nyingi za presha za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, ila kila mtu aje amuulize kwa dawa yake, wiki mbili kabla ya mfungo. Nami nikaliandika swali la yule mama, na ndilo nililolipeleka idarani kwenye kikao cha mapendekezo mapya. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili amelichukua.

Yule mzee alikuwa mstari wa mbele. Nilipomaliza aliuliza huyo mwanafunzi atakuja mwezi gani. Nikamtajia. Akamgeukia mtendaji, akamwambia auandike kwenye daftari la kijiji, na chini yake aandike mwezi wa kuletewa majibu.