Samaki wa madimbwi ya Wami: maswali yenu

Maswali ya safari hii yanamhusu Nothobranchius steinforti, samaki mdogo wa madimbwi ya mvua upande wa Kimamba, Kilosa, katika bonde la Mto Wami.

Dimbwi lilikauka kiangazi chote, mvua imenyesha na samaki wamo. Wameanguka na mvua?
Hapana, wametoka chini ya miguu yako. Majike walitaga topeni msimu uliopita, maji yakakauka, wakubwa wakafa, mayai yakabaki. Kiinitete husimamisha ukuaji ndani ya yai, na mayai ya dimbwi moja hayaamki yote pamoja. Ndiyo kinga yao: mvua ya kwanza ikikatika, walioanguliwa hufa, waliobaki mayaini husubiri.

Niko Hombolo, Dodoma. Mto Kinyasungwe si unaishia Wami? Niwapandikize bwawani ili wale viluwiluwi wa mbu?
Kinyasungwe unafika Wami kweli, lakini usifanye hivyo. Mayai yao yanahitaji tope linalokauka, na kambare atawamaliza. Bahi nako usiwapeleke: kuna ndugu zao, na wakichanganyika mbegu itaharibika.

Mayai yanaharibika kwenye tangi.
Usiyaache majini. Chemsha vumbi la makumbi ya nazi, suuza mpaka maji yatoke meupe, weka sentimita 3 kwenye bakuli ndani ya tangi watage humo, dume 1 kwa majike 2. Baada ya wiki chuja vumbi lenye mayai kwa kitambaa, likamue, tandaza juu ya gazeti mpaka ukilifinya lishikane bila kutoa maji. Funga kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe, hifadhi kwenye nyuzi 24 hadi 26. Juu ya kabati chini ya bati la Dodoma mayai yatakufa. Kuanzia mwezi wa pili kagua: jicho lenye pete ya dhahabu likionekana ndani ya yai, mimina juu ya vumbi maji baridi ya nyuzi 18 hadi 20, kina cha sentimita 5. Maji ya bomba yalaze saa 24 klorini iishe.

Vifaranga vinakokota tumbo chini.
Mfuko wa hewa unaowaelesha haukujaa. Ulilowesha mapema mno au ulichelewa. Hao hawaponi. Kausha vumbi tena, jaribu baada ya wiki 2 hadi 4.

Wana unga wa dhahabu mwilini.
Ni kimelea, na jamii hii hushikwa nacho upesi. Kinga ni chumvi, gramu 1 kwa lita, tangu mwanzo.

Kiangazi tunachimba tope la dimbwi kwa matofali. Kuna ubaya?
Upo. Ukilisomba tope lote umewasomba samaki wote. Chimbeni pembeni, mahali maji yasipotuama.