Hati ina jina lake peke yake: je, mimi sina changu?

"Shikamoo Shangazi. Ninaishi Morogoro, nina miaka 14 ya ndoa na watoto watatu. Mume wangu alinunua kiwanja, mimi nikawa mama lishe, na fedha za chakula zikalipa mafundi na saruji. Urasimishaji wa makazi, yaani upimaji wa viwanja ili vipate hati, ulipopita mtaani kwetu, hati ilitoka kwa jina lake peke yake. Sasa anataka tuachane, na ameniletea karatasi nisaini mbele ya mjumbe, nipokee shilingi milioni tatu na kabati, niondoke. Anasema sikuwa na mshahara. Nisaini?"

Marahaba, mwanangu. Usisaini. Mjumbe hana mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa nyumba, lakini karatasi hiyo inaweza kuletwa mahakamani kesho ili kuonyesha kwamba ulikwisha kupokea chako ukaridhika.

Mumeo anategemea jina lililo kwenye hati, na ni kweli kwamba kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huanza kwa kudhani kuwa mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake. Dhana hiyo, hata hivyo, hupinduliwa kwa ushahidi, na kifungu cha 114 kinaipa mahakama inayotoa talaka au amri ya kutengana uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, mali au kazi, madeni ya familia na mahitaji ya watoto. Hakuna mahali sheria inaposema mchango lazima uwe mshahara. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Nawe umepika, umelea, na bado umelipa mafundi.

Lakini shauri hilo lina upande wa pili ambao watu hawausimulii, nami nakuomba uuzingatie sana. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo aliouomba, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za kujijengea maisha naye akazitumia vibaya. Ndiyo maana naziogopa hizo milioni tatu: ukizipokea bila maandishi yanayoeleza ni za nini, zinaweza kuhesabiwa dhidi yako.

Kusanya sasa risiti za saruji na mabati, daftari lako la biashara na miamala ya simu uliyowatumia mafundi, na umtafute fundi aliye tayari kueleza ni nani aliyekuwa akimlipa Jumamosi jioni. Piga picha ya hati, uende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja ili ujue kama nyumba haijawekwa rehani, kisha uombe kwa Msajili wa Hati kusajili zuio, yaani tahadhari juu ya hati hiyo, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria hiyo ya Ndoa hakimruhusu mume kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Zuio halikupi umiliki. Linamzuia mnunuzi asijifanye hakujua.

Shauri lenyewe huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na likishindwa kuwapatanisha litakupa cheti cha kuthibitisha hivyo, ukipeleke mahakamani; Mahakama ya Mwanzo inatosha. Wakili akikushinda kwa gharama, ulizia msaidizi wa kisheria kwa ofisa ustawi wa jamii.

Mkipatana kabla ya hukumu, nisingependa muishie kupeana mikono sebuleni. Makubaliano yaandikwe, yawasilishwe mahakamani yaingizwe katika amri, na amri hiyo isajiliwe kwa Msajili wa Hati, iwe mmegawana hisa au mmoja amemlipa mwenzake. Siku ya kusajili, linganisha kila herufi ya jina lako na kitambulisho chako cha Taifa kabla hujaondoka dirishani, maana kurekebisha baadaye kutakugharimu kiapo, ada na safari nyingi.