Forodha ilitoza kodi au ushuru?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa historia, Tanga. Niliandika, "Mwaka 1892 Waingereza walifuta kodi ya forodha Zanzibar." Mwalimu akakata "kodi" akaandika "ushuru". Kwani si kitu kimoja?

Jibu: Mwalimu wako yuko sahihi, ingawa "kodi ya forodha" nayo ilikuwapo Zanzibar, kwa maana nyingine.

Huku Tanzania ushuru hufuata bidhaa: inaposhushwa bandarini, inapoingia sokoni. Kodi humfuata mtu na mali yake. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliotaka rupia 3 kwa kila nyumba ulileta kodi ya nyumba. Mpaka wenyewe una nyufa, maana Kodi ya Ongezeko la Thamani iko kwenye bidhaa, na Kenya mlipakodi wetu huitwa mlipa ushuru. Silaumu; ndivyo walivyozoea.

Sasa Zanzibar. Kabla Waingereza hawajashika hazina, kwa muda mrefu Sultani hakukusanya mapato ya forodha kwa makarani wake mwenyewe. Aliikodisha forodha nzima kwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi aliyeishika ni nyumba ya biashara ya Jairam Sewji. Huyo alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, halafu akawatoza wenye shehena. Alichompa Sultani ni kodi, kwa maana ileile ya kodi ya chumba. Alichopokea kwa wenye shehena ni ushuru, na kilichozidi ni chake. (Ushuru kwa asili ya Kiarabu unahusu sehemu ya kumi, lakini mkataba wa 1833 na Marekani uliweka 5% tu ya thamani ya bidhaa. Neno halikujali hesabu.)

Mwaka 1891 balozi wa Uingereza, Gerald Portal, alipanga upya serikali: Sultani Ali bin Said akawekewa posho ya mwaka, Lloyd Mathews akawa waziri mkuu, na mapato ya nchi yakatenganishwa na mfuko wa Sultani ili yalipie utawala na kazi za umma. Usiandike hapo kwamba Waingereza "walikodi" forodha. Waliishika wao, wala hawakumlipa mtu pango.

Mwalimu alipitiwa na jambo moja. Mwaka 1892 Zanzibar ilifanywa bandari huru, yaani bidhaa nyingi zilizoingia hazikutozwa ushuru, lakini ushuru wa karafuu haukuguswa, na karafuu ndiyo iliyokuwa tegemeo la hazina. Kwa hiyo "walifuta ushuru wa forodha" inafuta kupita kiasi. Tena ushuru wa 5% kwa bidhaa zilizoingia ulirudishwa mwaka 1899.

Angalia na upatanisho: ushuru ulifutwa, ushuru umepanda. "Ushuru imepanda" tunaisikia kila siku redioni, lakini kwenye insha itakupunguzia alama. Andika hivi: "Mwaka 1892 Waingereza walifuta ushuru wa bidhaa nyingi zilizoingia Zanzibar, wakaacha ule wa karafuu."