Maswali na Majibu: AC Chumba Kimoja Leo, Vyumba Vingine Baadaye

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaofunga AC ya spliti (yenye yuniti ya ndani na mashine ya nje) katika chumba kimoja au viwili, huku wakijua kwamba vyumba vingine vitafuata fedha zikipatikana. Tunaanza na lile linaloulizwa kuliko yote.

Nataka ubaridi vyumba viwili sasa, na vingine viwili baada ya miaka michache. Fundi ananishauri ninunue kabisa mashine ya nje ya vyumba vinne. Nimsikilize?

Mara nyingi, hapana. Mashine ya inveta hupunguza kasi ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, kadiri joto linavyopungua, lakini ina kiwango ambacho haiwezi kushuka chini yake. Fungua kitabu cha mashine unayouziwa, tafuta jedwali la uwezo, usome namba ndogo kabisa, siyo ile kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Tuseme namba hiyo ni BTU (kipimo cha uwezo wa kupoza) 9,000 kwa saa. Usiku kinatumika chumba kimoja tu, nacho kinahitaji BTU 4,000. Kompresa itawaka, itapoza kupita kiasi kwa dakika chache, itazima, kisha itawaka tena, hivyo hivyo hadi asubuhi. Umeme unapotea, kompresa inachoka kabla ya wakati wake, na unyevu unabaki chumbani kwa sababu koili, yaani mabomba baridi ndani ya yuniti, haipati muda wa kukamua maji kutoka hewani. Mtu analala kwenye baridi yenye unyevunyevu, anashusha rimoti hadi nyuzi 18, na bado haoni nafuu.

Tatizo la pili ni vipuri. Yuniti ya ndani utakayoongeza lazima iwe kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na mashine yako ya nje, na watengenezaji hubadilisha matoleo. Gesi za kupozea nazo hubadilika: R410A, ambayo nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi, inaipisha R32 yenye 675. Yuniti iliyoundwa kwa gesi moja haifungwi kwenye mfumo wa nyingine. Ukisubiri miaka mitano, huenda ukabaki na milango miwili, yaani sehemu za kuunganishia mabomba kwenye mashine ya nje, isiyo na cha kuunganishwa.

Ushauri wetu ni kila chumba kiwe na spliti yake, na fedha za maandalizi ziende kwenye njia za mabomba, maji na umeme. Ikiharibika moja, nyingine zinaendelea. Mashine ya pamoja inafaa pale ambapo nje pana nafasi ya mashine moja tu, au vyumba vya baadaye vitakamilika karibuni. Ukiichagua, hakikisha mambo mawili kitabuni: idadi ndogo kabisa ya yuniti za ndani zinazopaswa kuunganishwa, maana nyingi hazikubali chini ya mbili, na jumla ya BTU za ndani inayoruhusiwa. Baadhi huruhusu hadi asilimia 130 ya uwezo wa mashine ya nje, kwa kuwa sebule na vyumba vya kulala havitumiki kwa nguvu zote saa ile ile.

Kuta bado hazijapigwa plasta. Nifukie nini sasa?

Anza na bomba la maji yanayotoka kwenye AC, kwa kuwa ndilo lisilosameheka. Waya unaweza kukata kona, shaba inaweza kupanda, lakini maji hushuka tu. Bomba liwe na kipenyo cha ndani cha milimita 20 au zaidi, lishuke angalau sentimita 1 kila mita, na lisibonyee popote. Kabla ya plasta, mimina lita mbili kwa juu, uone zote zinatoka upande wa pili. Usiliingize moja kwa moja kwenye bomba la choo. Harufu itapanda na kupulizwa chumbani.

Kwa mabomba ya shaba, swali ni kama unajua ukubwa wa yuniti itakayokuja. Za BTU 9,000 hadi 12,000 kwa kawaida hutumia bomba jembamba la robo inchi na nene la 3/8. Za 18,000 mara nyingi robo na nusu inchi. Za 24,000 hufika 5/8 upande wa gesi. Kama hujui, usifukie shaba. Acha njia tupu: bomba la PVC la milimita 100 lenye kona pana za nyuzi 45, si kona kali za 90, likiwa na kamba ndani ya kuvutia mabomba baadaye.

Kama unajua, weka shaba ndefu isiyo na kiungo chochote ndani ya ukuta. Kila bomba livae insulesheni yake peke yake, siyo mawili katika soksi moja. Ncha zilehemewe zifungwe, na moja iachiwe vali ndogo ya huduma. Jaza naitrojeni kavu hadi bar 10, kisha andika ukutani tarehe, shinikizo na joto la siku hiyo. Siku ya kufunga AC, funga geji usome. Joto likitofautiana nyuzi 10, shinikizo husogea kwa takriban theluthi moja ya bar. Huko si kuvuja. Ukikuta sifuri, msumari wa mtu umepita, nawe umejua kabla ya kununua mashine. Kuziba ncha kwa tepu hakutoshi: hewa yenye unyevu itaingia, maji yatakutana na mafuta ya kompresa, asidi itazalika, na kompresa itakufa bila sababu inayoonekana.

Kabla ukuta haujafunikwa, piga picha ukiwa umeweka futi ya kupimia kando ya mabomba. Picha hiyo itakuokoa siku utakapotaka kutundika kabati.

Mashine yangu ya nje ina milango minne, natumia miwili. Iliyobaki ikae vipi? Na siku ya kuongeza chumba, lazima gesi yote itolewe?

Iliyobaki ikae na vifuniko vyake vya kiwandani, vali zikiwa zimefungwa, na ijaribiwe kwa povu la sabuni kila mashine inapohudumiwa.

Kuhusu gesi, inategemea muundo. Mashine nyingine zina jozi ya vali kwa kila chumba. Hizo ni rahisi: tawi jipya linapimwa kwa naitrojeni, linavutwa vakyumu (hewa yote inatolewa kwa pampu) hadi chini ya mikroni 500, kipimo cha hewa iliyobaki, pampu inazimwa ili kuona kama namba inatulia, ndipo vali zinafunguliwa. Nyingine zina jozi moja kuu kwa mfumo mzima. Hapo gesi yote huvutwa kwenye mtungi maalumu na kupimwa uzito, au hurudishwa ndani ya mashine ya nje ikiwa kitabu kinaruhusu. Kuiachia hewani kusiwe chaguo kamwe. Ni hatari kwa mazingira, na R32 inaweza kuwaka.

Gesi ya nyongeza ipimwe kwa mizani. Mfano: mashine imejazwa kiwandani kwa mita 30 za mabomba, na tawi jipya limefikisha jumla ya mita 42. Kitabu kikisema gramu 20 kwa mita, unaongeza 240. Geji haifai kwa kazi hii, kwa kuwa inveta hubadilisha shinikizo kila kompresa inapobadili kasi. Kwa R32, angalia pia ukubwa wa chumba kidogo kuliko vyote: gesi ya mfumo mzima inaweza kuvujia humo, na kitabu kina jedwali la eneo la chini linaloruhusiwa.

Nati za mabomba zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza (Nm): robo inchi Nm 14 hadi 18, 3/8 Nm 34 hadi 42. Ikilegea inavuja leo. Ikizidishwa, mdomo wa shaba unapasuka na kuvuja baada ya miezi.

Tumeongeza yuniti ya tatu. Nikiiwasha haitoi baridi, ila ile ya chumba cha pili, iliyozimwa, inatokwa maji na kuganda barafu. Gesi imepungua?

Gesi haihusiki. Dalili hizo zinaonyesha nyaya zimepishana na mabomba. Ndani ya mashine ya nje kila mlango una herufi (A, B, C) na vali yake ya kudhibiti gesi. Bomba la chumba C, yaani cha tatu, likiunganishwa mlango C huku nyaya zake zikiwa kwenye nafasi ya B, rimoti ya C inafungua vali ya B. Gesi baridi inakwenda kwenye koili ambayo feni yake haizunguki, na barafu inatanda. Zima breka, fuata kila bomba kwa mkono hadi chumbani, linganisha herufi ya mlango na ya nyaya, kisha rekebisha nyaya. Usikubali kuongezewa gesi kabla ya ukaguzi huu.

Umeme niandae wa leo au wa baadaye?

Wa baadaye. Kama ni mashine ya pamoja, waya na breka vifuate namba za kibandiko chake, hata kama leo inahudumia vyumba viwili. Kama ni spliti moja moja, kila moja iwe na njia yake kutoka kwenye boksi la breka. Acha nafasi tupu humo. Kati ya ndani na nje, waya uwe mmoja mzima. Kiungo njiani huharibu mawasiliano ya yuniti hizo mbili, na kosa hilo huwa gumu sana kulipata.

Niache nafasi kiasi gani nje kwa mashine za baadaye?

Fuata vipimo vya kitabu vya nyuma, pembeni na mbele, kisha ongeza sentimita 60 upande wa vali ili fundi aingie na spana zake. Mashine mbili zisipuliziane: moja ikimeza hewa moto ya mwenzake, zote mbili zitakula umeme zaidi.